Bima ya wazee na vidole vyangu vilivyosuguka

Mhariri,

Nilikuwa fundi wa reli. Miaka ya spana na grisi imenisugua vidole mpaka vikawa laini kama kigae, na sikujua kwamba uzeeni vingeninyima dawa.

Mwaka jana kijana wetu anayefanya kazi Kampala alitukatia bima ya afya, mimi na mama yake. Majuzi nikapanda bodaboda kutoka Walukuba hadi kliniki moja hapa Jinja iliyomo kwenye orodha ya kampuni. Binti wa mapokezi akaniambia niweke kidole kwenye kimashine cha kusoma alama za vidole. Taa nyekundu. "Jajja (babu), pangusa uweke tena." Nikapangusa kwenye suruali, nikajaribu gumba, cha shahada, vyote kumi. Nyekundu tu. Akaipigia simu kampuni, ikaita hadi ikakatika, na nyuma yangu foleni inaguna. Simlaumu, maskini, kiti chake mwenyewe alinipa nikae. Mwishowe nililipa taslimu, na risiti bado ninayo.

La mke wangu ni zito zaidi. Ana presha na kisukari, na tuliambiwa magonjwa aliyoingia nayo yangoje miezi 12. Tukangoja, huku dawa tukinunua wenyewe. Miezi ikatimia, na wiki hiyo hiyo ikaja barua: kwa kuwa mimi nimepita miaka 70, ada yetu inapanda karibu maradufu na kiwango cha matibabu ya kwenda na kurudi, yaani bila kulazwa, kinapunguzwa. Najua, kwenye mkataba imo, ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wakala aliyekunywa chai sebuleni kwetu hakuufunua ukurasa huo.

Wenzangu husema niende hospitali ya serikali, ada zilifutwa 2001. Huwa naenda. Hupimwa vizuri, kisha huandikiwa dawa nikanunue nje. Muswada wa bima ya afya ya taifa Bunge liliupitisha Machi 2021, lakini Rais hakuutia sahihi. Na zile shilingi 25,000 ambazo serikali huwapa wazee kila mwezi zinaanzia miaka 80. Mimi nina 71.

Naiomba mamlaka inayosimamia kampuni za bima iwalazimishe mawakala wakisome kwa sauti kifungu cha umri kabla hatujatia sahihi, kwa lugha ambayo mzee anaielewa, iwe Lusoga, Luganda au Kiswahili. Na mashine ikigoma, ndaga muntu, kitambulisho cha taifa chenye picha yangu, itoshe. Wakulima, mafundi, akina mama waliofua nguo za watu maisha yao yote: ni wangapi wetu bado tuna alama za vidole?

Kijana amepiga simu jana kuuliza kama alipe hiyo ada mpya. Sijampa jibu.

Mstaafu wa reli,
Walukuba, Jinja