Salamu za Pasaka kwa Watumishi wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa, viongozi wa kwaya, wa vijana na wa akina mama, pamoja na walimu wa shule ya Jumapili. Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli! Nawashukuru kwa namna mlivyoubeba usharika wetu tangu Jumatano ya Majivu hadi alfajiri ya leo, ambapo baadhi yenu mlikuwa mmekwisha kudeki kanisa na kupanga mabenchi kabla kengele haijagongwa.

Siku 40 za Kwaresima huwa tunazitunza vizuri: tunafunga, ibada za katikati ya juma zinajaa, na kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku. Lakini kalenda ya Kanisa imetupa pia majira ya siku 50, kutoka Pasaka hadi Pentekoste, na hayo tunayaacha yapite kama likizo. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu ni katika majira hayo Bwana aliwakuza viongozi wake.

Mtazameni Petro katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana. Usiku ule Bwana alipokamatwa, Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akamkana mara tatu. Baada ya ufufuo anarudi kwenye nyavu, anakesha bila kupata kitu, na asubuhi anakuta ufukoni moto mwingine wa makaa, samaki wakiwa juu yake, na mkate. Bwana hakuanza kwa kumhoji, alianza kwa kumlisha. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo. Hakuulizwa habari za elimu yake, wala ufasaha wake, wala miaka aliyotumika. Kisha akaambiwa neno zito, ambalo naona tunalihubiri mara chache mno: kwamba ujanani alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, ila uzeeni atanyosha mikono, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Sisi tumezoea kupima ukuaji wa kiongozi kwa ngazi anazopanda, kutoka mtaa hadi usharika, kutoka usharika hadi jimbo na dayosisi. Petro alikua kwa kukubali kuongozwa.

Matunda yake yanaonekana katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka, na mitume hawakuyachukulia kama uasi. Waliwaambia waumini wachague watu 7 wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Majina ya wale 7 yote ni ya Kiyunani, jambo linaloonyesha jinsi kazi ilivyokabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Natamani vikao vyetu vya baraza la wazee vifike hapo.

Nasi katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tunao mfano wa nyumbani. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji, na alikuwa mtu wa uamsho ule ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda tangu miaka ya 1930. Ndugu wa uamsho waliita maisha yao kutembea nuruni: waliketi pamoja, wakaungama mbele ya wenzao, na mwenye cheo hakuwa na kiti cha pembeni.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, kabla ya Pentekoste kila mmoja wetu aketi na mtumishi mwenzake wa karibu, wale pamoja kwanza, kisha amruhusu amweleze kwa upendo anavyouona utumishi wake. Tena kila kiongozi amwite kijana mmoja wa kipaimara na kumpa kazi halisi: kuongoza sala katika jumuiya, kusoma somo ibadani, au kwenda pamoja naye kuwaona wagonjwa.

Nawatakia nyote, pamoja na familia zenu, wagonjwa walioko vitandani na wafiwa wanaoadhimisha Pasaka ya kwanza bila wapendwa wao, neema na amani ya Kristo aliyefufuka.