Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: maumivu nayo yapelekwe kwenye mionzi

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu alifariki kwa saratani ya kongosho. Kifo alishakikubali, kilichomshinda ni maumivu. Yalianzia chembe cha moyo yakapenya hadi mgongoni, mpaka akawa analala ameketi, ameukumbatia mto. Mofini ilimtuliza, lakini ikamfunga choo na kumlewesha hata akawa hawatambui wajukuu. Tulipouliza kama mionzi ingesaidia, tulijibiwa kwamba uvimbe umeshaenea, hakuna cha kutibu tena.

Kilikuwepo. Nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya mshipa mkuu wa damu, kuna fundo la neva linalopeleka kwenye ubongo maumivu ya kongosho, ini na tumbo. Saratani ikilivamia, mgonjwa hana ubavu wa kulalia. Kwa miaka mingi madaktari wamelichoma sindano ya alkoholi ili kuliua. Siku hizi watafiti wa nchi kadhaa wamelilenga kwa mionzi: grei 25 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mkupuo mmoja. Katika matokeo yao ya mwaka 2024, wiki tatu baada ya tiba, zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa walikuwa wamepata nafuu ya kweli. Wengine hawakuipata, na saratani yenyewe ilibaki palepale. Lakini kwa mtu aliyebakiwa na miezi michache, usiku mmoja wa usingizi ni kitu kikubwa mno.

Wala wazo hili si la jana. Lars Leksell, mpasuaji wa ubongo wa Uswidi, alilieleza mwaka 1951, na miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa wenye maumivu ya neva ya uso, yale yanayopiga kama shoti ya umeme mtu akisukutua tu. Neva hiyo bado inatibiwa hivyo, kwa dozi ya grei 70 hadi 90 kwenye sehemu ya milimita chache. Nafuu huweza kuchukua wiki au hata miezi, na wapo wanaobaki na ganzi usoni. Mgonjwa aambiwe hayo kabla hajalala kitandani.

Mheshimiwa, katika tiba hii picha ndiyo macho ya daktari. Fundo lile ni dogo, viungo vinavyolizunguka hupanda na kushuka na pumzi, na utumbo uko jirani kabisa. Mionzi ikikosea njia kidogo, utumbo huota vidonda. Kwa hiyo wizara inaponunua mashine ya mionzi, isikubali ile isiyoweza kumpiga mgonjwa picha akiwa palepale mezani. Bajeti itenge pia mishahara ya wafizikia tiba, maana bila wao hakuna wa kupanga dozi wala kuihakiki.

Ombi langu jingine halihitaji fedha nyingi. Mwongozo wa rufaa utamke wazi kwamba maumivu peke yake yanatosha kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa mionzi, hata kama uvimbe hautapona. Daktari wa wodi akimkuta mtu anayelala ameketi, ameukumbatia mto, ajue pa kumpeleka, na ampeleke wiki hiyohiyo.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa