Barua ya wazi kwa vijana wanaosema wanasayansi ni waongo

Vijana wangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote, pamoja na za wale wanaoona mzee huyu naye amezidi kujiingiza. Nimewasikia mkibishana juu ya wanasayansi, na neno linalorudi kila mara ni hili: "Hawa kila siku wanabadilisha maneno." Mvua waliyoitabiri haikunyesha. Jiwe la angani lililokuwa linakuja kutumaliza halikuja. Basi ni waongo.

Sikuandika ili muwaamini. Anayemeza kila lisemwalo na mwenye koti jeupe hajamzidi anayemeza maneno ya mpiga ramli. Ombi langu ni gumu kidogo kuliko hilo. Kabla hamjasema mtu amekosea, kumbukeni alisema nini. Maneno yake mwenyewe, si ya yule aliyewasimulia.

Tuanze na hilo jiwe. Desemba 2004 wanaastronomia walisema jiwe liitwalo Apophis lina uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga dunia mwaka 2029. Maana yake, walikuwa wanasema kuna zaidi ya asilimia 97 kwamba halitatugonga. Vipimo vilipoongezeka, njia yake ikajulikana vizuri na hofu ya mwaka huo ikafutwa. Litapita tarehe 13 Aprili 2029, kama kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia. Mwaka 2025 mambo yakawa yaleyale kwa jiwe jingine, 2024 YR4: Februari uwezekano ulipanda hadi asilimia 3.1, na mwezi huohuo ukashuka karibu na sifuri. Mnasema walibadilisha maneno. Ndiyo, walibadilisha. Mlitaka wapate vipimo vipya halafu wang'ang'anie vya zamani?

Na mvua ni vivyo hivyo. Mtabiri akisema kesho kuna asilimia 30 ya mvua, maana yake katika siku kumi za namna hiyo, tatu hivi zitanyesha. Ukilowa kesho, hajakudanganya. Mtabiri wa hali ya hewa hakamatwi kwa siku moja, anakamatwa kwa daftari: andika alichosema na kilichotokea, mwaka mzima, kisha hesabu. Wanaohesabu hivyo wameona kwamba utabiri wa siku tano mbele leo ni sahihi sawa na ule wa siku moja mbele mwaka 1980. Kwa watu wanaoitwa waongo, si haba.

Mwaka 1705 Mwingereza Edmond Halley alidai kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana 1531, 1607 na 1682 ni moja, na kwamba ingerudi karibu na mwaka 1758. Alifariki 1742 bila kuiona. Huko Ufaransa, Alexis Clairaut akishirikiana na Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikaa miezi wakikokotoa kwa mkono jinsi Mshtarii na Zohali zinavyoivuta na kuichelewesha njiani. Novemba 1758 wakatangaza: italikaribia jua katikati ya Aprili 1759, na huenda tukakosea kwa mwezi mmoja hivi. Usiku wa Krismasi, mkulima mmoja wa Saksonia, Ujerumani, Johann Palitzsch, aliyejifundisha elimu ya nyota mwenyewe, akaiona kwa darubini yake. Ililipita jua tarehe 13 Machi, kama mwezi mmoja kabla ya wakati walioutaja.

Yaani walikosea, na kiasi cha kukosea walikuwa wamekwisha kukitaja. Mpiga ramli hawezi hilo. Atakwambia una safari, na kuna mtu wa karibu anakuonea kijicho. Lini? Nani? Hapo huwezi kumkamata milele.

Wapo waliokosea bila kubakiza. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, Mmarekani, mtaalamu wa vipepeo, aliandika kwamba miaka ya 1970 mamia ya milioni ya watu watakufa njaa. Njaa zilikuwepo, ila si kwa kiasi hicho. Wakati huohuo ngano mpya zenye mavuno makubwa za mtaalamu wa kilimo Norman Borlaug zilikuwa tayari mashambani, na mwaka 1970 akapewa Nobeli ya Amani kwa kazi hiyo. Mtu akitabiri nje ya fani yake, tena kwa sauti ya kutisha, na bila kutaja anaweza kukosea kwa kiasi gani, mashaka yenu ni haki yenu. Yatumieni.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi ni la L'Aquila, Italia. Mwanzoni mwa 2009 mji huo ulikuwa unatetemeka mara kwa mara, na watu wakaingiwa hofu. Tarehe 31 Machi wataalamu wa matetemeko waliitwa kikaoni. Kabla kikao hakijakaa, ofisa wa idara ya ulinzi wa raia akaiambia televisheni kwamba wanasayansi wanamhakikishia hakuna hatari, kwa sababu mitetemo midogo inapunguza nguvu iliyo ardhini. Huo haukuwa ujuzi wa wataalamu wa matetemeko. Wao hujua kwamba tetemeko halitabiriki kwa siku, na halikanushiki kwa siku pia. Wazee wa pale walikuwa na mazoea yao: ardhi ikitikisika usiku, toka nje, ulale garini au uwanjani. Usiku wa kuamkia 6 Aprili ilitikisika kidogo, tena zaidi ya mara moja, na baadhi ya waliokuwa wametulizwa wakabaki vitandani. Saa tisa na dakika 32 likaja tetemeko lenyewe. Watu 309 walikufa.

Wanasayansi sita pamoja na ofisa huyo walihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2012. Mwaka 2014 rufaa ikawaachia wale sita. Hukumu ya ofisa ikapunguzwa hadi miaka miwili. Mnaponiambia "wanasayansi walisema", naomba mniambie pia waliyasema kupitia kinywa cha nani.

Upo utabiri mwingine ambao mnauhesabu kuwa uongo kwa sababu watu waliusikiliza. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi zilizokuwa kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zitakula tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya jua. Wenye viwanda wakawabeza. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika wakaripoti kwamba ozoni imepungua mno kila majira ya kuchipua. Mwaka 1987 mataifa yakakubaliana huko Montreal kuzibana gesi hizo. Leo kijana ananiuliza: "Ile ozoni waliyotutishia iko wapi?" Ipo inapona, mwanangu, kwa sababu gesi ziliondolewa. Wanaoipima wanakadiria kwamba juu ya Antaktika itarudi ilivyokuwa 1980 kufikia mwaka 2066 hivi. Hapo mimi sitakuwepo kuwauliza, ninyi mtawauliza.

La mwisho ni kuhusu wanaowauzia mashaka. Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulionyeshwa na watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill mwaka 1950, na serikali ya Marekani ikautangaza rasmi 1964. Mwaka 1969, ndani ya kampuni moja ya sigara, mtu akaandika kwenye waraka kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba sigara ni salama. Ilitosha mvutaji aseme "wataalamu wenyewe hawajakubaliana" na kuwasha nyingine.

Kwa hiyo anayekuja kuwaambia msiwasikilize wataalamu, mpimeni kwa kipimo kilekile. Anatabiri nini yeye? Kwa tarehe gani? Akikosea, tutamjuaje? Msimwonee haya kwa kuwa anapendeza kumsikiliza, wala msimdharau kwa kukosa shahada. Palitzsch alikuwa mkulima. Andikeni jibu lake kwenye daftari lilelile la mvua, ukurasa wa pili.

Nawatakia afya njema.

Babu yenu