Seva ya hesabu isihamishwe kwa pupa

Mhariri,

Kampuni nyingi za Mombasa, hasa za uwakala wa forodha na uchukuzi kutoka Shimanzi hadi Moi Avenue, zinashauriwa kuzima seva zilizomo ofisini, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi mafaili na programu za wote, na kukodi nafasi kwenye klaudi, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Ushauri wenyewe ni mzuri. Windows Server 2012 R2, mfumo unaoendesha seva nyingi, iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na ile ya 2016 inafika ukingoni 12 Januari 2027. Ninachopinga ni namna kazi inavyofanywa: kila kitu wikendi moja, na hesabu za kampuni ndizo za kwanza kupakiwa.

Sababu za kuondoa seva ofisini tunazo kuliko watu wa bara. Fungua mashine iliyokaa miaka mitatu katika chumba chenye dirisha la upande wa bahari, uchomoe kibao cha RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Meno yake yaliyokuwa yaking'aa yamefifia, na pembeni kuna doa la kijani. Hiyo ni chumvi na unyevu. Mguso unalegea, mashine inajizima ovyo, na lawama zinaiendea programu. Betri za UPS, kifaa kinachoiwasha seva stima ikipotea, nazo hutengenezewa joto la nyuzi 20 hadi 25. Kila zikiongezeka nyuzi 10, maisha ya betri hupungua kwa nusu hivi. Stoo isiyo na kiyoyozi mwezi wa Machi hufika nyuzi 35 bila taabu, kwa hiyo betri ya miaka minne hufa kwa miwili, na hakuna anayejua mpaka stima ipotee. Seva ndogo ya wati 300 inayowaka usiku na mchana hula uniti 216 kwa mwezi, kabla hujahesabu kiyoyozi.

Anza na barua pepe. Siku mbili kabla ya kuhama, chukua rekodi za MX, zinazoonyesha barua zako zipelekwe seva gani, ushushe TTL yake, yaani muda ambao kompyuta nyingine huikumbuka rekodi hiyo, hadi sekunde 300, la sivyo baadhi ya barua zitaendelea kwenda kwenye seva ya zamani kutwa nzima. Rekodi ya SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, iwe moja tu. Zikiwa mbili, barua zako huhesabiwa kuwa na kasoro na huishia kwenye taka za wateja. Kisha kumbuka skana inayotuma nyaraka kwa barua pepe na programu inayotuma ankara. Hizo zilikuwa zikipitia seva ya ofisini, na siku ikizimwa hunyamaza bila kulalamika.

Mafaili yafuate. Hapa kipimo ni kasi ya kupandisha, si ile ya kushusha ambayo hutangazwa kwenye mabango. Gigabaiti 500 kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 111 mfululizo, yaani siku nne na nusu na ushei, tena kama hakuna mwingine anayeitumia. Wikendi haitoshi. Nakili kila kitu wiki mbili mapema wakati wa usiku, halafu Ijumaa jioni peleka yaliyobadilika tu. Kwa wanaohamia SharePoint au OneDrive, hifadhi za mafaili za Microsoft kwenye klaudi, njia ya faili, yaani majina ya folda zake zote pamoja na lake, isizidi herufi 400. Makabati ya forodha yenye folda ndani ya folda, jina la meli, nambari ya kontena na tarehe, huvuka kikomo hicho upesi.

Sasa hesabu, ambako ndiko watu huumia. Programu nyingi za zamani hufungua faili la data moja kwa moja kwenye seva. Mhasibu akitaka orodha ya wadeni, programu huuliza seva swali, hungoja jibu, kisha huuliza lingine. Tuseme ripoti moja ina maswali 3,000. Ofisini, kila swali likijibiwa kwa milisekunde 1, ripoti hutoka kwa sekunde 3. Faili hilo likiwa Ulaya na kila jibu likichukua milisekunde 150, ni sekunde 450: dakika saba na nusu kwa ripoti ileile. Kununua intaneti ya kasi zaidi hakutasaidia, kwa kuwa kinachochelewesha ni umbali. Na laini ikikatika wakati programu inaandika, faili laweza kuharibika.

Dawa ni mbili. Ama programu na data yake vikae pamoja kwenye mashine moja ya klaudi na mhasibu aone skrini tu kutoka mbali, ama mhamie programu iliyoundwa kwa ajili ya kivinjari. Ukichagua ya kwanza, mlango wa 3389, ambao Windows huutumia kuonyesha skrini kutoka mbali, usiachwe wazi kwa intaneti hata kwa saa moja. Kuna roboti zinazotafuta milango hiyo mchana na usiku, na kampuni nyingi ambazo wahalifu hufunga mafaili yao na kudai fidia huingiliwa hapo. Pitisha watu kwenye VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, yenye uthibitisho wa pili mbali na nywila. Ukichagua ya pili, hamia mwanzoni mwa mwaka wa hesabu, linganisha urari wa mfumo wa zamani na wa mpya hadi senti ya mwisho, na endesha mifumo yote miwili sambamba mpaka ufunge mwezi mmoja. Kama ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kodi, hutumwa kutoka seva hiyo, muuzaji wa programu aunganishe upya na kujaribu kabla ya siku ya kuhama.

Mombasa ndiko nyaya za baharini zinakotua, na wengi hudhani basi sisi hatuwezi kukosa intaneti. Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS karibu na bandari yetu wenyewe. Mei 2024, nyaya nyingine, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo muulize muuzaji wa klaudi data itakaa wapi: Johannesburg, Cape Town, Ulaya, au humu nchini. Ofisini weka laini mbili, faiba na ya simu, kwenye ruta inayobadilisha yenyewe. Faiba mbili za kampuni mbili zilizofungwa kwenye nguzo moja ni laini moja. Lori likigonga nguzo, zote zimekwenda.

Jambo linaloniuma zaidi ni umiliki. Jina la tovuti, liwe .co.ke au .com, lisajiliwe kwa jina la kampuni, si la fundi. Akaunti kuu ya klaudi ifunguliwe kwa anwani ya kampuni, na wakurugenzi wawili wawe na njia ya kuingia. Malipo yasitegemee kadi ya mfanyakazi mmoja: kadi ikiisha muda, huduma husimamishwa, na baada ya muda data hufutwa. Bili nyingi huja kwa dola. Januari 2024 dola ilifika takribani shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huohuo, kwa hiyo anayepanga bajeti aache nafasi ya kutosha.

Tena, klaudi si bekapu. Mfanyakazi akifuta folda, au virusi vikiifunga, mabadiliko hayo hunakiliwa juu vilevile kwa dakika chache. SharePoint huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 93, kisha basi. Weka nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti au kwenye diski inayochomolewa kila Ijumaa, na kila baada ya miezi mitatu rejesha faili moja ulifungue. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuachilii kwa kuwa data iko mbali. Taarifa za wateja zikivuja na kuwaweka hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72, na anayejulisha ni wewe. Rekodi za kodi nazo zinatakiwa kwa miaka mitano, kwa hiyo hesabu za zamani zibaki zikisomeka, zisiwe faili ambalo hakuna programu ya kulifungua.

Seva ya zamani iacheni ikiwaka siku 90 kwa kusoma tu, bila mtu kuandikia. Zikitimia, diski zake zitobolewe kwa drili kabla chuma hakijauzwa.

Mhandisi wa seva na mitandao,
Tudor, Mombasa