Picha za Jumamosi: jicho lenye shairi

Wapendwa, salaam. Jumamosi saa kumi jioni tunakaa na picha za kamera za msanii Shirin Neshat, mzaliwa wa Qazvin, Iran. Tunaanza na ile ya 1993: jicho moja tu limejaa picha nzima, na kwenye weupe wake mistari ya Kiajemi imezunguka mboni, imeandikwa kwa mkono, kwa wino. Ni shairi la Forough Farrokhzad, mshairi wa kike wa Iran, kuhusu bustani inayokufa huku wenye nyumba kila mmoja na lake. Mara ya kwanza kuliona, nilinyamaza kabisa. Tafadhali msilipitie harakaharaka. Likuzeni muone herufi. Waliosoma Kiarabu watazitambua nyingi, ingawa lugha ni nyingine. Muda ukiruhusu, tutagusia picha zake za 2012 zilizotokana na Shahnameh, utenzi wa kale wa Kiajemi kuhusu wafalme, wa mshairi Ferdowsi.