Mawe ya Mwanza hayaoti, udongo ndo unaondoka

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba mawe ya huku Mwanza yanakua, eti shamba alilorithi lilikuwa na mawe machache ya kuhesabika na sasa hivi yameongezeka mpaka plau haipiti, na akamalizia kwa kusema wataalamu wanajua ila wanatuficha. Kwanza nimpe haki yake. Alichokiona shambani ni kweli, mawe yameongezeka, hajadanganya mtu. Ila sababu aliyotoa sio yenyewe, na ile ya kweli ina hasara kubwa kwake kuliko jiwe kukua, ndo maana nimeona nami niandike.

Mi sio mtaalamu wa kusomea. Nimekuwa dereva wa wajiolojia, wale wa kutafuta madini, miaka mingi tu, Geita, Kahama, Simanjiro, mpaka Natron huko, na ukiwa dereva wa hawa watu hukai kwenye gari ukasikiliza redio, unabeba mifuko ya sampuli, unashika nyundo, unaandika namba kwenye vimfuko, na jioni kambini stori ni mawe mpaka usingizi ukuchukue. Yameingia tu kichwani.

Sasa tuanze na Mwanza. Yale mawe ya milimani na ya ziwani karibu yote ni graniti, na graniti haikuota, ilipoa. Ilikuwa mwamba ulioyeyuka, magma, kilomita kadhaa chini ya ardhi, ikapoa taratibu mno mpaka madini yaliyomo yakapata muda wa kujikusanya yakawa punje kubwa. Usiniamini mimi, okota kipande kilichovunjika leo (sio cha juu kilichochakaa, hicho hakikuonyeshi kitu) kipeleke juani ukigeuzegeuze. Zile punje za kijivu zinazopitisha mwanga ni kwazi, zile nyeupe au za pinki ni feldispa, na vile vipande vyeusi vinavyometameta ukigeuza mkono ni ulanga. Ukiona punje kwa macho bila lenzi ujue hilo jiwe lilipoa polepole, huko chini. Na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati huo hakuna mnyama, hakuna mti, hakuna hata jani.

Mtu atauliza, kama lilikuwa kilomita chini mbona Bismarck Rock liko pale ziwani watu wanapigia picha za harusi? Ni kwamba vyote vilivyokuwa juu yake vimeondoka. Mvua na mito imekwangua kidogo kidogo kwa muda ambao akili zetu haziwezi kuushika. Na wakati graniti bado ilikuwa imefunikwa na udongo, ilikuwa na nyufa zake, za wima na za kulala, maji yanapenya humo na kuozesha jiwe, na kona zinaoza kwanza kwa sababu zinaliwa pande zote, angalia kipande cha sabuni kinavyoisha bafuni, hakibaki na kona. Kwa hiyo yale mabonge ya mviringo yalishajichonga yakiwa bado chini, alafu ule uozo laini ukasombwa na maji, mabonge yakabaki yamekaa moja juu ya lingine. Hakuna jitu lililoyapanga. Hilo la juu na hilo la chini lilikuwa jiwe moja.

Ndo hapo shamba la msomaji wetu linapoingia. Tulikuwa Misungwi siku moja tunapita shambani kwa mzee mmoja, tukamuomba ruhusa kama kawaida, akatuambia piteni wanangu, na kama mna dawa ya kuzuia haya mawe yasiote mniachie. Mjiolojia hakucheka. Alimwomba mzee waende wote kwenye jiwe mojawapo, akachuchumaa, akamwonyesha. Juu jiwe lilikuwa jeusi na madoa ya kuvu ya kijivu, lile chakavu la kukaa juani muda mrefu. Chini, kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka ardhini, rangi inabadilika ghafla, jiwe ni jeupe safi lina alama ya udongo mwekundu, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ni mstari umenyooka unazunguka jiwe lote. Akamwambia mzee, udongo wako ulikuwa unaishia hapa. Mzee akaukagua ule mstari kwa kidole, akazunguka nyuma ya jiwe, akakuta uko palepale. Pembeni kulikuwa na mwembe mizizi yote iko nje, na mzee mwenyewe ndo aliyesema, kumbe na mwembe nao haujapanda juu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, jiwe halijasogea hata unywele. Ni udongo wako umekwenda ziwani, na ule wa juu ndo wenye rutuba, na graniti kuoza mpaka ikupe tena udongo wa kina hicho ni maelfu ya miaka, hatutakuwepo. Kama unadhani natia chumvi ulizia Kondoa. Makorongo yalikula ardhi kule mpaka mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ikafika mahali mifugo ikaondolewa yote kwenye eneo lililoharibika. Hebu fikiria kumwambia mfugaji atoe ng'ombe wote. Majani yalirudi, ndio, ila ilibidi ifike huko.

Na ule udongo ukishaenda hauishii hapo, na hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa na wale watu. Feldispa ikioza inakuwa mfinyanzi. Kwazi haiozi, inabaki punje, kwa hiyo ule mchanga unaonunua tripu kwa tripu kujengea nyumba ni graniti ya zamani iliyopoteza mwenzake. Mto unaupeleka ziwani au baharini, tabaka juu ya tabaka, la juu linakandamiza la chini, maji yenye madini yanapita katikati yanagandisha, na huko mbele inakuwa jiwe tena, jiwe la mchanga. Hiyo ndo miamba tabaka. Makaa ya mawe ya Ruvuma na Kiwira yalilala hivyohivyo, ila yale ni mimea iliyofukiwa. Geita kuna mawe yenye mistari, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, ni chuma kilichotua chini ya bahari ya kale kabisa, na dhahabu ilikuja kuingia humo baadaye, wachimbaji wakiyaona hayo wanaanza kuchangamka.

Shuleni tuliimba miamba moto (ndo kama hii graniti yetu), miamba tabaka, miamba geuzi, na mwalimu hakuwa na jiwe hata moja mezani, wakati nje ya dirisha kuna kilima kizima. Basi.

Hiyo geuzi ndo watu wengi haiwaingii, maana jiwe linabadilika likiwa bado gumu, haliyeyuki. Linazikwa chini sana, linabanwa na joto linapanda, madini yanapangika upya. Chokaa ya baharini ikipata hayo inakuwa marumaru. Mfano ninaoujua vizuri ni Mirerani. Mchimbaji akitoka shimoni kule ni mweusi tii, meno tu ndo unayaona, na ule weusi sio vumbi la kawaida, ni kinywe, yani grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Kinywe kile kilianza kama tope la chini ya bahari lenye mabaki ya viumbe, mabara yakagongana, tope likazikwa na kupikwa, mabaki yakawa kinywe na jiwe lote likawa na mikanda mikanda, na humohumo ndani ya mpasuko kukazaliwa tanzanaiti, kitu cha miaka kama milioni 585 iliyopita. Tumeijua mwaka 1967 tu. Na ikitoka shimoni mara nyingi ni ya kahawia, haina hata mvuto, inachomwa kwenye joto ndo inakuwa bluu ile ya dukani. Yani mwanadamu anaimalizia dunia kazi yake.

Sasa kama msomaji mwenzetu bado ana hamu ya jiwe linalokua kweli, nchi hii lipo, ila sio Misungwi wala Sengerema. Aende mapango ya Amboni pale Tanga. Maji ya mvua yanayeyusha chokaa juu ya pango, yanadondoka tone moja moja, kila tone linaacha chembe, na jiwe linashuka kutoka darini na lingine linapanda kutoka chini kulifuata. Hilo ndo linakua, polepole mno, usikae kusubiri.

Au aende Ol Doinyo Lengai, huko jiwe linazaliwa likiwa jipya kabisa. Ile volkano haina mwenzake duniani siku hizi, lava yake ni ya kaboneti na magadi, nyuzi joto kama 500 mpaka 600 hivi wakati lava nyingi zinapita 1,000, kwa hiyo mchana haionekani nyekundu ile ya kwenye sinema, inaonekana nyeusi na inatiririka haraka sana. Alafu ikipata unyevu inageuka nyeupe, siku chache tu. Watalii tuliokuwa tunapishana nao chini kule walikuwa wananyooshea kidole kileleni wanasema theluji. Mwaka 2007 ilipolipuka sana ilirusha majivu, na majivu nayo ni jiwe linaloanza. Laetoli, upande wa Ngorongoro, majivu ya volkano nyingine yalidondoka, mvua ikayalowesha, viumbe wa kale wanaotembea kwa miguu miwili wakapita juu, yakagandamana na kufunikwa, na nyayo zikaonekana mwaka 1978 zikiwa na miaka milioni 3.6 hivi. Nyayo za tope zimekuwa mwamba.

Na Zanzibar nisiisahau, watu wa pwani watanisema. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, wanyama wadogo wa baharini ndo waliyajenga kwa chokaa, bahari iliposhuka yakabaki nchi kavu. Wazee wakayachoma tanurini, moto ukatoa ile gesi ya kaboni iliyomo, ikabaki chokaa kali, wakaizima kwa maji, wakaipiga ukutani, na ukutani ikaanza kuivuta ileile gesi kutoka hewani mpaka ikawa jiwe la chokaa tena. Fundi alikuwa anafanya kwa miezi kile ambacho bahari inafanya kwa karne na karne. Ukitaka kupima ukuta wa namna hiyo wajiolojia wanadondosha tone la asidi, linatoa povu palepale. Mi nimefanya kwa ndimu, saga kipande kidogo kiwe unga alafu kamulia, utaona vipovu. Graniti ya Mwanza ukiikamulia ndimu utakuwa umepoteza ndimu yako tu.

Nirudi Mwanza nimalize, maana kuna jambo linaniudhi. Watu wanachoma matairi juu ya mawe ili yapasuke wapate kokoto. Yanapasuka kweli, kwa sababu kwazi na feldispa zikipata joto hazitanuki sawasawa, jiwe linajibandua gamba kwa gamba. Najua mama anayeponda kokoto hana kazi nyingine na simlaumu yeye. Lakini lile bonge la mlimani halina mizizi, limekalia udongo, na mtu anachimba chini yake apate kiwanja cha kujenga chumba na sebule, huku juu mwingine anachoma. Mvua za masika zikija zinakuta kazi imeshaanzwa. Anayetoa kibali cha kujenga pale, au anayefumba macho wakijenga, angepanda yeye mwenyewe aangalie jiwe limekaa juu ya nini.

Kwa ndugu yangu mwenye shamba, asibishane na mimi, apime. Kabla ya vuli achukue rangi ya mafuta, apige mstari kwenye jiwe usawa wa ardhi kuzunguka lote. Alafu pembeni, hatua moja hivi, apigilie kipande cha nondo kirefu mpaka kizame sana, nacho akipige rangi usawa wa ardhi. Asubiri masika ipite. Kama jiwe linakua, rangi ya jiwe itapanda na ya nondo itabaki chini. Kama zote mbili zimebaki hewani kwa kiasi kilekile, basi achimbe makinga maji na apande majani ya kushika udongo kwenye kingo kabla ya msimu mwingine. Na kama itatokea jiwe limepanda peke yake, aandike tena, na nakuomba Mhariri uichape barua yake ukurasa wa mbele, nitakuja na gari kuliona.

Dereva mstaafu,
Igoma, Mwanza