Jaketi la flisi lina saa zake

Mhariri,

Nauza mitumba soko la Kongowea. Wateja huniuliza kama jaketi la flisi lafaa kuvaliwa Mombasa, mji huu wa joto na jasho. Lafaa, tena sana, ila lina saa zake.

Wanaolinunua kwangu zaidi ni vijana wa bodaboda na wasafiri wa basi la usiku la Nairobi. Flisi ni poliesta iliyochanwachanwa juu ikatoa manyoya. Manyoya yale hushika hewa, na hewa ndiyo inayokutia joto. Jaketi lenyewe ni jepesi, na likirowa hukauka upesi kuliko sweta ya pamba. Lakini upepo hulipenya, kwa hivyo mwenye pikipiki avae kitu kizito juu yake. Likae mbali na jiko pia: poliesta huyeyuka na kugandia ngozi.

Kuhusu kupendeza, pitisha kiganja kwanza. Likiwa limeota vidongevidonge kwapani na mikononi, liache, hata rangi ikuvutie vipi.

Kinachoniuma ni shule zinazowalazimisha watoto kuvaa sweta za flisi kama sare, hata Februari. Kitambaa kilichobuniwa Marekani mwaka 1979 kwa ajili ya baridi, hakinyonyi jasho, mtoto wa Kisauni akivae saa saba mchana? Mwanangu hurudi mgongo umejaa vipele vya joto. Walimu wakuu, tafadhalini, ifanyeni sweta iwe hiari, na sisi wazazi tuulizwe kabla ya kuuziwa.

Mama muuza mitumba,
Kongowea, Mombasa